Arlène Akataa Kuchora Machozi

Arlène alikuwa mchora mabango tangu akiwa Lubumbashi, na pale Yeoville, mtaa wa Johannesburg alikohamia, saluni nyingi zilikuwa na vichwa vya misuko alivyovichora yeye. Mwaka 2016 tajiri mmoja, bwana Verster, alipita akaviona, akapendezwa. Mfuko wa Verster ndio uliolipia nyumba ya sanaa, maonyesho, na michoro yote mikubwa ya upande ule wa mji. Mchoraji asiyempendeza hakuwa na pa kuonyesha kazi. Arlène akapewa ukuta mzima wa jengo la ghorofa tatu.

Alichora wanawake watano wa Kikongo wakisukana, wakicheka mpaka fizi zinaonekana. Verster alikuja kukagua, akakunja uso.

"Ni nzuri, lakini vita viko wapi? Watu wanataka kuona mlivyoteseka. Wabebeshe mizigo kichwani. Futa hicho kicheko."

"Mimi nilikuja kwa basi," Arlène alimjibu, "nimevaa viatu virefu, na njia nzima tuliimba. Hawa wanawake nawajua kwa majina. Ndivyo wanavyocheka."

Théodore, mchoraji mwenzake, alimvuta pembeni. "Eish, mama Arlène, chora machozi, mambo yaishe. Huyu ndiye mwenye kuta."

"Basi azichore mwenyewe."

Akachukua ndoo zake za rangi akaondoka. Ukuta ulipakwa chokaa, akapewa Théodore, naye akachora mizigo.

Arlène akaenda kwa Thérèse, mwenye saluni. "Ukuta wangu una nyufa," Thérèse alisema, "lakini ni wangu." Wale watano wakarudi ukutani pale, wakicheka kuliko mwanzo. Fundi cherehani wa jirani naye akataka mchoro wake, kisha mwenye bucha, kisha kanisa. Watu wakaanza kuja mtaani kutazama tu.

Jumamosi moja ya 2018 Verster alifika na wageni wake. Arlène alikuwa juu ya ngazi.

"Tuweke kibao kidogo hapa chenye jina la mfuko," alisema Verster. "Utapata rangi ya mwaka mzima."

"Hakiwekwi," Arlène alijibu bila kushuka.

Thérèse akatokea mlangoni, mkono kiunoni. "Hapa tunasuka, bwana. Kama husuki, wapishe wateja."

Nyumba ya sanaa haikumwalika Arlène kamwe. Jambo hilo lilimuuma, wala hakuficha. Alitamani kazi yake itazamwe ndani, chini ya taa nzuri. "Lakini wakinitaka," alimwambia Théodore, "watanichukua na meno yangu yote nje."