Kiti cha Babu Siku ya Kampeni

Mama yangu, Damari, aligombea uenyekiti wa mtaa wetu pale Uyole nikiwa darasa la tano. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mwanamke hasimami mbele ya baba mkwe wake, na siku ya kampeni babu alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Mama akabaki nyuma ya umati.

"Mgombea kajificha! Tukampigie kura jikoni?" mwanamume mmoja akapayuka, watu wakacheka.

Babu akainuka polepole, akageuza kiti, akakaa akiwa ameipa mgongo sehemu ya kuhutubia.

"Mwambieni mkwe wangu aseme. Mimi simwoni."

Mama akaja mbele, sauti ikitetemeka, kisha ikanyooka.

Kura hazikutosha. Babu tulishamzika. Kiti chake ninacho mimi, na nikikikalia kumnyonyesha binti yangu, bado naisikia sauti ile ikinyooka.