Kompyuta Iliyovundika Ndizi

Kwa baridi hii ya Tukuyu, ndizi hazitaki kuiva. Basi nikavundika chane mbili kwenye kiroba, nyuma ya kompyuta ya steshenari ninakofanya kazi, maana pale ndipo inapotoka hewa ya moto. Halafu nikazisahau.

Kompyuta ikaanza kujizima kwa joto. Nikamwambia bosi wangu, Mama Atu, kwamba feni imechoka. Akanunua mpya. Kompyuta ikajizima tena. Nikadai feni ya pili, nikamsomesha kuhusu mzunguko wa hewa.

Jana duka limejaa wateja, Mama Atu akanusa, akainama, akavuta kiroba changu kilichoziba matundu yote ya nyuma.

"Mzunguko wako wa hewa umeiva," akasema, huku akimenya ndizi.