Ala ya Upanga wa Kaka

Kaka yangu aliamua kuwa Mwarabu akiwa na miaka thelathini na kitu, baba yetu akiwa ameshazikwa kijijini Itaka na hana namna ya kubisha. Ushahidi wake ulikuwa upanga. Baba aliwahi kubeba mizigo ya misafara ya pembe, akalipwa upanga ule, basi. Kaka alitaka aandikwe Mwarabu bomani, apate leseni ya duka kule Tunduma na asiitwe tena boi na kila mzungu mwenye kaptula.

Alinichukua mimi niwe shahidi kwa sababu rangi yangu ni maji ya kunde. Mama yetu, kaka alimwacha nyumbani. Alimwona mweusi mno, na Kiswahili chake kilijaa Kinyiha.

Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma, alikuwa mpenzi wa silaha za kale. Aliupokea upanga kwa mikono miwili, heshima ambayo hakuna mtu aliyepewa katika foleni ile. Akafungua kitabu, akasema huu ni kitara. Karani wake, mtu wa pwani, akasema kwa adabu kwamba kwao kitara ni upanga uliopinda, na huu umenyooka kama mwiko. Bwana Shauri akajibu kuwa mwandishi wa kitabu alifika Maskati. Karani babu yake alizaliwa Maskati, lakini hakuandika kitabu.

Halafu wakaona alama kwenye bapa. Kumbe chuma ni cha Ulaya. Kipini labda cha Uarabuni, labda cha Unguja, labda kimebadilishwa njiani. Asubuhi nzima watu wazima wawili wenye mishahara walishindana kipande cha chuma kiitweje, sisi tumesimama. Walinichosha.

"Na ala hii?" Bwana Shauri akauliza. "Ngozi ya mbuzi, mshono wa huku huku. Nani ameishona?"

Aliishona mama. Nilikuwa mdogo, nikimshikia uzi. Nikamtazama kaka.

"Mjakazi wetu wa zamani," akasema.

Mimi nikakaa kimya. Kaka namdharau mpaka leo, lakini kwa kimya kile najidharau zaidi.

Bwana Shauri akaandika kwamba upanga haujulikani ni wa wapi, na mwenye upanga vilevile. Tukaambiwa turudi mwezi ujao.

Nyumbani nilimweleza mama kila neno. Hakulia. Aliomba wembe, akafumua ala mshono mmoja mmoja, taratibu, akakunja ngozi na kuiweka chini ya kitanda chake. Siku ya kurudi bomani kaka akaukuta upanga uko uchi juu ya meza.

"Mama, ala iko wapi?" aliuliza kwa Kinyiha.

Mama akamjibu kwa Kiswahili kilekile ambacho kaka alikionea haya. "Mjakazi ameondoka nayo, bwana."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sisi wengine wote alitusemesha Kinyiha. Kaka peke yake mama alimsemesha Kiswahili, akimwita bwana, mpaka alipokufa.