Chumvi ya Mama Mkwe

Wazee wenzangu wa kambi ya reli bado wanaizungumzia ile filamu ya kwanza, na wakiizungumzia wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Ya pili hawaitaji. Nikiitaja mimi, wanaangalia pembeni na kuniuliza habari za wajukuu. Basi leo nitaitaja mpaka mwisho, kwa sababu hasira yangu haijapoa, na sioni kwa nini niipoze mimi wakati waliowasha moto walikwenda zao.

Ilikuwa Elisabethville, miaka kadhaa kabla ya uhuru. Sinema za mjini zilikuwa za wazungu. Yetu ilikuja kwa lori. Padri mmoja mwenye ndevu na kamera alikuwa akitengeneza filamu za kuchekesha na watu wa kambini wenyewe, kisha Jumamosi jioni anatundika shuka kubwa nyeupe katikati ya uwanja wa mpira, jenereta inaguruma, na kambi nzima inakaa chini kutazama. Picha zilikuwa bubu. Mtu mmoja alisimama kando na mikrofoni akazieleza kwa Kiswahili. Mtu huyo alikuwa mume wangu, seremala wa mabehewa, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani katika kambi yetu. Na mama mkwe wa kwenye filamu alikuwa mama yangu mzazi.

Hapo lazima nieleze jambo, maana watoto wa siku hizi hawalijui. Kwetu sisi tuliotoka kaskazini, mwanamume na mama wa mke wake wanaoneana haya. Hawatazamani usoni, hawakai mahali pamoja, na mmoja hali mbele ya mwenzake. Hiyo ndiyo buko. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na ina mwisho wake. Siku inafika mama mkwe anampikia mkwe wake kuku mzima, asiyepungua hata ukucha. Mkwe anakula ndani ya nyumba, mama anangoja nje. Akishamaliza anatoka, wanashikana mikono, na tangu saa hiyo ni mama na mwanawe.

Mama yangu alikuwa ameteremka na meli ya mto, kisha treni, kuja kunisaidia nilipojifungua mtoto wa kwanza. Kwa sababu ya buko hakulala kwangu hata siku moja. Alikaa kwa mdogo wake, mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu, na mume wangu akitoka kazini mama alipita njia ya nyuma. Miaka minne alipita njia ya nyuma. Alichokuwa anakingoja ni ile siku ya kuku. Alitaka kumwita mume wangu mwanangu kabla hajarudi kwao kufa.

Filamu ya kwanza padri aliitengeneza vizuri kwa sababu hakujua kitu, akamwachia mama. Mama alionyesha jinsi mkwe na mama mkwe wanavyokimbiana. Mkwe, aliyechezwa na mpishi mnene wa misheni, anamwona kwa mbali anaruka kwenye majani ya kulia. Mama naye amejifunika kitenge usoni, haoni mbele, anaruka kwenye majani hayohayo. Wanagongana migongo. Wanakimbia tena, na kila wanapokimbilia wanakutana, mpaka mama anaingia ndani ya pipa na mpishi, akitafuta pa kujificha, anakaa juu ya pipa. Mume wangu hakuwa na karatasi. Alisema yaliyomjia, na kwa adabu kubwa: kila mama alipotokea alimwita "mukubwa wetu", akageuza uso wake asiangalie shuka. Watu walikufa kwa kicheko. Kila mmoja pale alikuwa na pipa lake.

Na mama aliiona, ingawa mkwe wake alikuwa pale. Tulikuwa na mbinu yetu: wenye wakwe uwanjani walikaa nyuma ya shuka. Picha inapenya kitambaa, ila imegeuka. Mama alikaa huko na wamama wenzake na mimi, akajiona anakula ugali, akanipiga kofi la paja.

"Huku kwetu bantu bote beko banakula na mukono ya kushoto!"

Alicheka, na upande wa pili mkwe wake alikuwa anacheka kwenye mikrofoni. Nilikaa katikati ya vicheko vile viwili nikajiona tajiri.

Baada ya hapo mama akawa mama mkwe wa kambi nzima. Watoto wakimwona barabarani walijifunika nguo usoni na kujitupa kwenye majani, naye anawafukuza kwa utani. Padri akaja na habari kwamba anataka sehemu ya pili. Mama alikataa.

"Moja inatosha. Bantu banachekaka muzuri mara moja. Mara ya pili, banakucheka weye."

Mimi ndiye niliyembembeleza. Nalisema hili bila kuzunguka. Nilipenda kusikia nikiitwa binti yake sokoni, nikamwambia watu wanamsubiri. Akafikiri siku mbili, kisha akatoa sharti lake.

"Kama ni vile, tupike. Baone buko inaishaka namna gani."

Padri alikubali, akashukuru hata. Mama akaleta vyungu vyake mwenyewe. Akachinja kuku wa kweli, akatwanga karanga, akapiga magoti akapuliza moto, na mwisho akafungua fundo la pembe ya kitenge chake, akatoa chumvi ya kwao, ile ya kuchomwa kutoka majani, rangi ya majivu, akanyunyiza kidogokidogo huku midomo yake ikitembea. Alikuwa anaomba. Anaomba mkwe ashibe, binti yake azae tena. Kamera ilisogea karibu kabisa na ile mikono. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikafurahi kwamba inasogea.

Jumamosi ya kuonyeshwa, uwanja ulijaa mpaka kwenye reli. Watu walitoka kambi nyingine kwa miguu. Mama alivaa kitenge kipya, akakaa nyuma ya shuka pamoja nami, akanishika mkono. Safari hii mume wangu alikuwa na karatasi iliyopigwa mashine, na karani wa misheni alisimama karibu yake akifuata mistari kwa kidole. Nilijua jambo moja ambalo mama hakulijua: mume wangu alikuwa anatafuta kadi. Wazungu walimpa mweusi kadi wakishakagua nyumba yake na kuona kwamba amestaarabika, anakula mezani na mkewe, ana uma na kisu. Padri alikuwa ameahidi kumwandikia barua ya sifa.

Picha zikaanza. Hapakuwa na pipa. Hapakuwa na majani ya kurukia. Palikuwa na bwana na bibi vijana, meza, kitambaa, uma, na bwana ni yule mpishi mnene amevalishwa tai. Wanakula, wanafuta midomo, wanakula. Niliwahi kuona mazishi yaliyochekesha zaidi. Kisha akatokea mama yangu amepiga magoti motoni, na sauti ya mume wangu ikatoka kwenye vipaza sauti, kubwa, safi, bila kukwama:

"Angalia huyu muzee wa giza. Hataki batoto yake baendelee. Angalia mukono yake. Iko natia dawa mu chungu, ya kufunga mukwe wake."

Mikono ya mama ikajaa shuka nzima. Ile chumvi ikaanguka polepole.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja tu alicheka, akapigwa kofi na mama yake. Mbele huko padri ndiye aliyekuwa akicheka peke yake, maana kwake ilikuwa ni sehemu ya kuchekesha. Mpishi akaonja, akashika tumbo, akatapika kwenye sahani nyeupe. Mwishowe bwana na bibi wakamfukuza mama, yaani mtu mwingine aliyejifunika kitenge usoni, kwa ufagio, wakampandisha treni, wakampungia leso. Hiyo ndiyo sehemu ya pili. Walichukua sala ya mama yangu wakaifanya uchawi, wakaipigia jenereta ili kambi tatu zisikie.

Mama hakuuachia mkono wangu. Wamama waliokuwa wamekaa nasi walisogea, mmoja mmoja, mpaka tukabaki na nafasi kubwa ya udongo pande zote.

"Ilikuwa chumvi," mama aliniambia. "Mutoto wangu, si uliona? Ilikuwa chumvi tu."

Nyumbani nilimngoja mume wangu nimesimama. Alipoingia hata kofia hakuivua.

"Ni karatasi njo inasema," alisema. "Haiko miye."

"Karatasi iko na kinywa? Ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Weye haujue. Bale bantu ba kadi beko naangalia kila kitu."

"Na miye niko naangalia nini?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na sijutii hata moja. Nilimwambia pia aache kusoma. Badala ya kuacha, akapanda lori. Walizunguka na filamu ile zaidi ya miezi miwili, kambi baada ya kambi, wakafika Sakania, wakafika Kasomeno, na kila mahali alisoma ile karatasi kwa ile sauti yake nzuri. Mwisho, nilisikia, hakuwa hata akiitazama. Alikuwa ameikariri.

Huku nyuma, mama alilipa. Watoto waliendelea kumkimbia, ila sasa walimkimbia kweli. Jirani wa mdogo wake alirudisha bakuli la unga likiwa limejaa vilevile. Mama hakulalamika. Siku mume wangu aliporudi, mama alinituma nikamwambie kwamba Jumapili atampikia.

"Mama, ngoja kwanza," nilimwambia. "Acha maneno ipoe."

"Kama sipike, batasema ni kweli."

Jumapili baada ya misa alikuja. Hakupita njia ya nyuma. Alipita njia ya katikati, jua la mchana, chungu cha kuku kichwani, mdogo wake nyuma na chungu cha ugali, na watu wote milangoni wanatazama. Aliviweka kizingitini kwangu, akazunguka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kama inavyotakiwa. Mimi nikaviingiza ndani, nikafunga mlango. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye meza yake, ile aliyoinunua kwa ajili ya wakaguzi. Nikafunua. Kuku alikuwa mzima: kichwa, miguu, kucha, firigisi juu kabisa, fungu la mwenye nyumba. Harufu ya karanga ilijaa chumba.

Mume wangu alikitazama chungu. Hakunawa. Aliinama kidogo kunielekea, akasema chini sana:

"Onja weye kwanza."

Nilidhani anatania.

"Juu ya nini?"

"Onja tu."

Nikamtazama usoni, na hapo nikaona. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa na aibu. Alikuwa anaogopa. Yule mtu aliyejua vizuri kuliko wote kwamba maneno yale yalitoka kwenye mashine ya karani, aliyasema kwa kinywa chake jioni baada ya jioni mpaka akayaamini. Kama angeniambia anamchukia mama yangu ningemwelewa zaidi.

Nilivuta kiti, nikanawa, nikaonja. Kisha sikuacha. Nilikula paja, nikala kidari, nikala mgongo na shingo, nikavunja mifupa nikainyonya. Nilikula firigisi, ambayo mwanamke wa kwetu haigusi, nikiitafuna polepole mbele ya macho yake. Sikuwa na njaa. Mafuta yalinitiririka mpaka viwikoni, na nilikuwa nalia, na niliendelea kula. Yeye alikaa ameweka mikono magotini. Nilipofuta chungu kwa tonge la mwisho la ugali, nikaenda kwenye dirisha la nyuma.

"Alikula?" mama aliuliza kutoka nje.

"Alikula, mama. Alikula yote, na firigisi."

Akapiga vigelegele. Mdogo wake akapokea, na kutoka mistari ya mbali wanawake wawili watatu wakaitikia, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Mume wangu akasimama, akatoka kwenda kushikana mikono na mama mkwe wake, kwa sababu alijua sana kufanya yanayotakiwa. Mama akaishika mikono yake miwili, ile mikavu, akaishika muda mrefu. Halafu akaishika yangu, yenye mafuta bado.

Kesho yake tulimsindikiza steshoni. Mume wangu alisimama bega kwa bega nami chini ya dirisha la behewa, maana sasa aliruhusiwa, akamwita mama kwa sauti watu wasikie. Mama alimwitikia, akamwambia abaki salama. Treni ilipoanza kuvuta aliinama dirishani, akanitazama mimi tu.

"Chumvi ilitosha?" aliniuliza.

"Ilitosha, mama," nilisema.