Kurasa za Nyuma

Yustina Bernardo hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipoweka dole gumba kwenye karatasi kule Urambo, akiambiwa ni ya kupokelea mbolea, kumbe amekubali kumuuzia mnunuzi mmoja tumbaku yake yote kwa misimu mitatu.

Kampuni ya umeme wa jua ilipoita vijana wa Kigwa kwenye ofisi ya kijiji, Yustina alikuwa na cheti cha ufundi umeme na mwaka wa pili bila kazi. Waligawiwa fulana na soda. Ofisa wa kampuni, mama mchangamfu aitwaye Julieth, akasema mitambo itajengwa hapo hapo na mafundi watakuwa vijana wenyeji. Watu wakapiga makofi. Yustina naye alitamani kupiga, ila alijiuliza mbona wazee hawakuitwa.

Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Ilipomfikia aliona kurasa mbili zimebanwa nyuma yake.

"Samahani mama, hizi za nyuma ni za nini?"

"Utaratibu tu wa ofisi. Wewe saini hapo juu."

Yustina akaanza kusoma. Rafiki yake Kabula, aliyekwisha kusaini, akamkanyaga mguu. "Utatukosesha kazi, wewe," alinong'ona.

Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba waliosaini, kwa niaba ya kijiji, wameridhia mradi uchukue msitu wa ng'ambo ya reli. Humo ndimo kijiji kizima kilimotundika mizinga ya nyuki. Yustina akasimama, akausoma kwa sauti.

Julieth alisema huenda karatasi zilichanganyika. Kabula akainuka, akachukua kalamu na kukata jina lake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Ikabidi uitishwe mkutano wa kijiji chote. Wazee na vijana wakakataa kuutoa msitu, wakatoa shamba la zamani la tumbaku lililopakana nao, ambalo udongo wake ulishachoka. Kampuni ikakubali siku ileile, na Yustina akaona imekubali upesi mno.

Sasa Yustina ni fundi wa mitambo hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Kabula kazi. Mshahara unaingia, taa zinawaka zahanati. Hata hivyo kila Ijumaa huzunguka mpaka wa shamba kwa miguu, akikagua bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, moja moja kama imesogezwa kuelekea msituni. Hajaona hata moja iliyosogea. Ijumaa ijayo atazunguka tena.