Mashine Iliyosema Mbili Saa Saba Mchana

Jumamosi, mwezi wa sita. Mbingu haina wingu, upepo wa baridi tangu asubuhi, vumbi la hapa kwetu Kakese limeingia mpaka kwenye chai.

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa, lakini leo nimemwona mke wangu akifanya kazi na sipendi nisahau.

Binti yetu ana ualbino. Ndiyo maana juu ya paa la jikoni kuna mlingoti wenye kituo kidogo cha hali ya hewa, alichotuletea shemeji yangu. Kinapima upepo na joto, na kina kijicho cha plastiki nyeupe kinachopima mionzi ya jua, ile inayounguza ngozi. Namba zinakuja kwenye kioo chake kilichoko sebuleni. Sheria ni ya mke wangu: mionzi ikiwa mbili au chini, mtoto anatoka na kofia. Ikizidi, anabaki ndani.

Saa saba binti akaja kwangu amevaa raba. Wenzake walikuwa uwanjani wanacheza netiboli.

"Baba, mashine imesema mbili."

Nikaangalia. Mbili kweli. Mtoto hakudanganya, hilo lazima niliandike. Na upepo ulivyokuwa unapuliza, hata mimi sikusikia jua. Nilishataka kumwambia nenda, mke wangu akatoka jikoni.

"Saa saba hii, mbili? Hiyo ni namba ya jioni. Ngoja kwanza."

"Mama, ikisema kumi unaiamini, ikisema mbili unaikataa."

"Naikataa, ndiyo. Kaa."

Mimi nikasema betri imekwisha. Akanionyesha kwamba joto na upepo vinasomeka vizuri, na betri ni hiyohiyo. Nikasema basi jicho limekufa, tuagize lingine. Hakunicheka. Alipanda ngazi, akalifunika jicho kwa kanga iliyokunjwa, akaniambia nisome. Baada ya muda nikapaza sauti: sifuri. Akafunua. Mbili.

"Halijafa," alisema. "Linaona, ila linaona kidogo."

Akatazama kama mpapai unalitia kivuli. Haulitii. Ndipo akapitisha kidole juu ya jicho, akakiangalia, akakilamba.

"Udaga."

Mama yangu huanika udaga, yaani muhogo uliolowekwa, juu ya paa lile ili mbuzi wasiufikie. Ulikuwa umekauka, upepo ukapeperusha unga wake, umande ukaugandisha pale juu. Unga mweupe kwenye plastiki nyeupe. Ningepanda mimi, nadhani nisingeona kitu.

Mama alikuwa chini anasikiliza. "Sasa nyie, udaga wangu umekosa nini? Nilikuwa naanika hapo kabla ya hicho kidude chenu."

Ni kweli alikuwa anaanika, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Haujakosa, mama," mke wangu akajibu toka juu. "Mashine ndiyo imekula bila kunawa."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Jicho lilifutwa kwa kitambaa laini na maji matupu. Nilitaja mafuta ya taa, akasema yataharibu plastiki. Nikarudi kwenye kioo. Ikapanda tano, ikapanda tisa, ikatulia kumi. Mimi ningemwachia aende kwenye kumi ile, saa nzima, shingo wazi. Sina hakika kama ningejua kosa liko wapi hata kama angerudi ameungua.

Binti alisoma namba mwenyewe, akavua raba, akaenda kulia chumbani. Sikumlaumu. Mama yake naye hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba mpira wa jioni nao ni mpira. Mama yangu alihamishia udaga wake kwenye chanja nyuma ya nyumba, bila kuombwa.

Jioni, saa kumi na moja, mashine ikasema mbili, na mtoto akatoka mbio. Amerudi magharibi, miguu yote vumbi. Nimemwangalia shingo na masikio: hakuna wekundu. Tumekula ugali wa udaga, samaki wa migebuka wa kukaanga na matembele, na yeye ameomba aongezewe.