Waliokuja Kupima Udongo Rusimbi

Majirani wa mtaa wa Rusimbi, mjini Kigoma, walimjua Jovita kuwa Muha kutoka vijiji vya mkoa huo, mjane wa maneno machache, anayeuza dagaa mwaloni Katonga na kurudi mchana kufunga mlango wa uani. Hawakujua kwamba aliingia nchini mwaka sabini na mbili, mgongoni mwa mama yake aliyekimbia Burundi, na kwamba tangu hapo hakuwahi kupata karatasi yoyote ya kumtetea.

Mwaka 2015 wakimbizi wengine wa Burundi wakafurika kijiji cha Kagunga, mpakani ziwani, na meli ikawa inawashusha Kigoma mjini. Jovita akaacha kupita njia ya bandarini. Aliogopa kusikia Kirundi, asije akajisahau akaitikia.

Ndipo akaja Nehemia, mtaalamu wa udongo kutoka Morogoro, na mwenzake mmoja. Walichimba mashimo uani kwa Jovita, wakamimina maji, wakakaa kutazama yanavyozama.

"Shikamoo, mama. Umeishi hapa tangu lini?"

"Marahaba. Nimezaliwa hukuhuku Kigoma."

"Na maji ya mvua hupita wapi?"

"Hapa hayapiti."

Nehemia akatoa bonge la udongo wa mfinyanzi wa kijivu lenye madoa ya kutu, akalifinya. "Udongo huu umelaliwa na maji miaka mingi," alisema taratibu, akimtazama.

Jovita akawaza. Mtu gani anachimba ardhi ili kujua nani anasema uongo? Walipoondoka, jirani yake Ziada aliegemea ua akasema, "Wanatafuta pa kuweka wakimbizi hao." Jovita aliamini wanatafuta wakimbizi wa zamani, kama yeye. Alfajiri akachukua jembe, akafukia mashimo yote.

Nehemia aliporudi aliuliza, "Mama, umefukia wewe?"

"Nimefukia mimi. Kwanza niambie, unamtafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Tunatafuta mahali maji yatakapozama, tuchimbe bonde dogo na kupanda majani, ili maji ya mvua yasishukie nyumba za chini."

"Sasa miaka yangu hapa inakuhusu nini?"

"Aliyekaa sana ameona mafuriko. Basi. Kama hutaki kusema, sitauliza tena."

Jovita alimkagua usoni kwa muda, kama anavyokagua samaki wa jana. Hakumwamini. Lakini alikumbuka mvua za El Niño, akamwonyesha kwa kidole. "Maji yalitokea kule juu, yakapita hapa, yakaondoka na jiko langu. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Wakapima upya. Kwenye mfinyanzi maji yaligoma kuzama. Upande wa juu, penye mchanga, yalinywewa upesi. Hapo ndipo watu wa mtaa walichimba bonde, wakapanda majani ya mabingobingo kandokando.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Novemba. Jovita alisimama mlangoni, khanga kichwani, akaona maji mekundu yakiteremka, yakiingia bondeni na kutulia. Jioni yalikuwa yamezama. Uani kwa Ziada kulikuwa na matope kidogo tu.

Nehemia aliendelea kuja kupima kila baada ya mvua. Jovita alimpa kiti, na siku nyingine dagaa wa kukaanga. Hata hivyo, kabla ya kumfungulia alichungulia kwanza kwenye upenyo wa mlango, aone kama amekuja na mtu.